Mwanangu anataka kuishi kwa snuka. Je, ni kazi?

Swali: Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne hapa Mombasa. Mjomba wake ni mwanachama wa klabu yenye meza ya snuka, ule mchezo wa kutumbukiza mipira mashimoni kwa fimbo, na tangu aanze kumchukua huko, kijana hana habari na jambo jingine. Watu wazima anawafunga. Sasa ananiambia akimaliza mtihani hataki chuo, anataka kuwa mchezaji wa kulipwa kama Ronnie O'Sullivan, na kwamba bingwa wa dunia anapata pauni 500,000. Baba yake ameshakasirika hadi hawasemezani. Mimi nataka kujua tu: hii ni kazi ya kweli? Mtu anaishi nayo? Na kutoka huku kwetu njia ipo?

Jibu: Dada yangu, ni kazi ya kweli. Wapo waliojengea nyumba na kusomeshea watoto kwa snuka. Ila ni kazi ya watu kama 130 hivi duniani kwa wakati mmoja, na kwa ninavyoona mimi niliyefundisha mchezo huu miaka mingi, wanaoishi vizuri kwa meza peke yake hawafiki nusu yao. Kijana wako hakukudanganya kuhusu hizo pauni 500,000. Ndizo anazopata bingwa wa dunia pale Crucible, ukumbi wa Sheffield, Uingereza, unaochezewa ubingwa huo. Lakini amekuonyesha kilele tu, na kazi hii haiamuliwi kileleni. Inaamuliwa katika miaka miwili ya kwanza, chini kabisa, mahali ambapo hakuna kamera. Nitakaa zaidi huko.

Mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye kadi ya mzunguko unaoendeshwa na World Snooker Tour kutoka Uingereza. Kadi hainunuliwi, inashindaniwa, na ukiipata unaishika kwa misimu miwili. Katika misimu hiyo, kila pauni unayoshinda kwenye mashindano ya viwango, yaani yanayohesabiwa katika orodha ya wachezaji bora, inaandikwa kwa jina lako, pauni moja pointi moja. Msimu ukiisha mwezi wa tano, ubingwa wa dunia ukishapata mwenyewe, hesabu inafungwa. Aliyemo katika 64 bora anabaki. Aliye nje ya hapo, na kadi yake imefika mwisho, anatoka, isipokuwa wachache wanaookolewa na matokeo mazuri ya msimu wa mwisho. Wakongwe wachache wamewahi kupewa kadi za mwaliko kwa heshima ya majina yao. Wengine wote wanahesabiwa sawasawa, awe aliwahi kucheza fainali au la.

Ukitoka, mlango wa kurudia ni Q School, mashindano yaliyoanzishwa 2011. Ada unalipa mwenyewe. Zawadi ya fedha hakuna. Zawadi ni kadi yenyewe. Mechi ni fupi, anayetangulia kushinda fremu nne (fremu ni mchezo mmoja kamili wa mezani), na mnakutana humo na kila aina ya mtu: mtoto wa miaka 16 aliyeletwa na baba yake, na mwanamume wa miaka 45 uliyezoea kumwona kwenye runinga ukiwa mdogo. Sijaona mashindano magumu kwa moyo kuliko haya. Kwenye fainali ya dunia ukikosa mpira unapoteza fremu moja kati ya 35. Kule ukikosa mpira mmoja kwenye fremu ya saba, unaweza kuwa umepoteza miaka miwili.

Mwambie mwanao asome habari za Kyren Wilson. Aliingia mzunguko 2010 akiwa kijana mdogo, akashindwa kubaki. Akafanya kazi ya kuhudumia baa huku akiendelea na mazoezi, akarudi kupitia Q School mwaka 2013. Ilimchukua hadi 2024 kuwa bingwa wa dunia. Neil Robertson wa Australia naye aliingia mara ya kwanza 1998, akaanguka, akarudi kwao. Mwaka 2003 alishinda ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 21, akapata nafasi nyingine, akahamia Cambridge na pauni 500 mfukoni. Mwaka 2010 alikuwa bingwa wa dunia. Nawataja hawa kwa makusudi. Kuanguka mara ya kwanza ni jambo la kawaida mno katika kazi hii, na swali ambalo kila familia inapaswa kujiuliza mapema ni hili: akianguka, ataishi kwa nini hadi arudi?

Sasa fedha. Zawadi za snuka zimegawanywa kwa namna ambayo wa juu wanachukua sehemu kubwa sana. Ubingwa wa dunia unachukua wachezaji 32 pale Crucible, na hata anayetolewa raundi ya kwanza anaondoka na pauni 20,000. Ni fedha nzuri, lakini kufika tu hapo, mtu asiye katika 16 bora anapitia mchujo mgumu unaochezwa Sheffield hiyohiyo siku chache kabla. Katika mashindano mengi mengine, anayepoteza mechi yake ya kwanza hapati hata senti moja. Amesafiri, amelala hotelini, amekula, amevaa kizibao na tai ya kipepeo, amecheza, amerudi na hasara. Ikitokea mara nane mfululizo, na kwa mchezaji mpya hutokea, msimu umekwenda.

Kwa sababu hiyo, kuanzia msimu wa 2022/23 waendeshaji wa mzunguko waliweka kiwango cha chini: kila mwenye kadi ahakikishiwe pauni 20,000 kwa msimu, fedha inayokatwa katika zawadi atakazoshinda. Hapa nakuomba sana, dada yangu, usiihesabu kwa shilingi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni tatu, na nyumbani mtu akisikia milioni tatu anaona kijana ameshatoka. Lakini hataipokea akiwa Mombasa. Ataipokea akiwa Uingereza, anakolipa kodi ya chumba, chakula, kodi ya serikali, meza ya mazoezi, kocha, treni ya kwenda kwenye mchujo, na tiketi ya ndege ya kwenda China kwa mashindano ambayo huenda akacheza mechi moja tu. Hana mwajiri. Hana bima ya kazini wala mafao ya uzeeni. Akivunjika mkono, mapato yamesimama siku hiyohiyo.

Wa juu hawajui tena shida hizi. Judd Trump amekuwa akivuna zaidi ya pauni milioni moja kwa msimu, na mwaka 2024 alichukua pauni 500,000 katika mashindano mapya ya Saudi Arabia, yaliyochezwa Riyadh. Kuna wadhamini, kuna mechi za maonyesho, kuna kutangaza kwenye runinga. Kijana anaona huyo. Haoni aliye nafasi ya 80, ambaye anafundisha watoto jioni klabuni au anaendesha gari la kupeleka vifurushi ili alipie meza.

Nikupeleke kidogo kwenye mchujo, maana ndio ofisi ya mchezaji wa kawaida. Mashindano mengi yanayofanyika China au Ujerumani huanzia Uingereza, Leicester au Sheffield, wiki kadhaa kabla. Ukumbi ni mkubwa kama wa michezo ya shule, meza zimepangwa, kati ya meza na meza kuna vizuizi. Saa nne asubuhi, mwamuzi amevaa glavu zake nyeupe, wachezaji wamevaa kama wanakwenda harusini, na viti vya watazamaji vina watu wachache, pengine mke wa mmoja na rafiki wa mwingine. Mipira ya meza za jirani inasikika ikigongana wakati wewe umeinama. Mtu akipiga breki ya mia hapo, yaani pointi mia kwa zamu moja bila kukosa, makofi ni machache na yanakwisha upesi. Hakuna umati wa kukubeba. Unacheza kwa sababu ya zile pointi na kwa sababu ya heshima yako mwenyewe, basi.

Na muda mwingi hata huchezi. Hili watu wa puli hawalielewi mpaka walionje. Kwenye puli ya baa fremu inakwisha dakika tano, ukishindwa unapanga foleni tena. Kwenye snuka mpinzani mzuri akipata nafasi, anaanza kutumbukiza mpira mwekundu, kisha mmoja wa rangi nyingine, nyekundu, rangi, nyekundu, rangi, na wewe umekaa kwenye kiti na fimbo yako magotini. Dakika kumi. Fremu imekwenda. Fremu inayofuata unapiga mpira mmoja wa kujilinda, umeuacha nusu inchi pabaya, unarudi kitini tena. Nimeona wachezaji wenye mikono mizuri kuliko wale waliowashinda, lakini hawakuweza kukaa. Kitini ndipo mtu anaanza kuhesabu: nikipoteza hii nitashuka nafasi ngapi, hoteli nimelipa kiasi gani, mama alisema nini kwenye simu. Akiinuka kupiga, mkono si ule wa mazoezini. Kocha anaweza kusahihisha namna ya kusimama na kushika fimbo kwa miezi michache. Kitini huchukua miaka, na wengine hawapati dawa yake kabisa.

Hata mabingwa hawakusalimika. Stephen Hendry wa Scotland alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21 mwaka 1990, akachukua ubingwa mara saba ndani ya muongo mmoja. Baadaye mkono wake ukaanza kukataa: anaivuta fimbo nyuma vizuri, lakini kuisukuma mbele inakuwa kama si mkono wake. Aliacha kucheza 2012 akiwa na miaka 43, katika mashindano yaleyale aliyopiga breki ya 147 pale Crucible. Jimmy White alicheza fainali sita za dunia akapoteza zote sita. Mark Selby, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara nne, amesema wazi kuhusu ugonjwa wa huzuni uliomsumbua. Kijana akiingia kazi hii anahitaji mtu wa kuongea naye asiyemdai matokeo. Wewe unaweza kuwa mtu huyo, na kwa tabia ya swali lako naona tayari ndiwe.

Upande wa pili wa jambo hili unanipa matumaini, na sitaki baba yake aukose. Snuka haina haraka na mwili. Mwanasoka wa miaka 34 anaonekana mzee. Kwenye snuka huo ni ujana. Stuart Bingham aliingia mzunguko 1995, akasubiri hadi 2011 kushinda shindano lake la kwanza kubwa la viwango, na mwaka 2015, akiwa na miaka 38, akawa bingwa wa dunia. Joe Perry alishinda Welsh Open 2022 akiwa na miaka 47, baada ya miaka 30 kwenye mchezo. O'Sullivan mwenyewe alishinda UK Championship kwa mara ya kwanza 1993, siku chache kabla ya kutimiza miaka 18, na akaichukua tena Desemba 2023, siku chache kabla ya kutimiza 48. Mark Williams wa Wales alicheza fainali ya dunia 2025 akiwa na miaka 50. Terry Griffiths, kabla ya kuingia kwenye mchezo wa kulipwa, alikuwa ameshafanya kazi ya utingo wa basi, ya posta na ya kuuza bima. Mwaka 1979, katika msimu wake wa kwanza, akawa bingwa wa dunia.

Kwa hiyo mwanao akisema hawezi kusubiri, mpe majina haya. Mwaka mmoja wa kumaliza masomo haumwondolei chochote. Miaka miwili ya chuo yenye meza ya mazoezi jioni haimwondolei kitu kikubwa. Kinachomwondolea ni kufika Uingereza na miaka 18, bila cheti, bila akiba, bila kiwango, halafu kurudi na miaka 20 akiona haya kukutana na watu.

Sasa tuje kwenye kiwango, maana "anawafunga watu wazima" bado haijaniambia kitu. Watu wazima gani? Wenye breki ya juu ya ngapi? Klabu nyingi za kwetu bingwa wake ni mtu anayepiga 40 au 50 siku nzuri. Mchezaji wa mzunguko anapiga mia mazoezini karibu kila siku, na wengi wameshapiga 147, ambayo ni nyekundu 15, kila moja ikifuatwa na nyeusi, kisha rangi zote sita. Nipe kipimo kimoja ambacho mjomba anaweza kukisimamia bila kocha. Apange nyekundu 15 kwenye mstari mmoja, katikati ya meza, kutoka karibu na mpira wa kahawia kupitia buluu na waridi hadi nyuma ya nyeusi, rangi zikiwa mahali pake. Aanze na mpira mweupe mkononi, aingize nyekundu, rangi, nyekundu, rangi, hadi meza iishe au akose. Aandike pointi. Arudie mara kumi kila siku anayokwenda, aandike zote, pamoja na zile mbaya. Zoezi hili linafichua kila kitu, kwa sababu kutumbukiza mpira si kazi ngumu hapo. Ngumu ni kuupeleka mweupe pale unapoutaka, mara thelathini na zaidi mfululizo. Kijana ambaye kwa miezi sita anasafisha meza mara mbili au tatu katika kila kumi, huyo mimi nitasema tumwangalie kwa makini. Anayesafisha mara moja kwa mwezi bado ni mchezaji mzuri wa klabu.

Kuna jambo la meza yenyewe pia. Mombasa kuna unyevunyevu, na kitambaa cha snuka ni cha sufu yenye manyoya yanayolala upande mmoja. Kikinywa unyevu kinakuwa kizito, mipira inasuasua, na mweupe unakataa kuzunguka unavyotaka. Meza za mashindano ya kulipwa zinapashwa moto kwa chini ili kitambaa kikae kikavu, na mashimo yake hayasamehi mpira uliogonga pembeni. Kijana aliyelelewa kwenye kitambaa kizito anajifunza kupiga kwa nguvu, na akikutana na meza ya kasi, mweupe unamkimbia. Si kosa lake, na linarekebishika, ila linahitaji muda kwenye meza nzuri. Kama mjomba anaweza kuishawishi klabu ibadilishe kitambaa kwa wakati, ipigwe brashi kwa kufuata manyoya na kupigwa pasi, na meza ifunikwe ikiwa haichezwi, atakuwa amemsaidia kuliko kumnunulia fimbo ya gharama.

Fimbo, kwa njia, asibadilishebadilishe. Apate moja ya mti wa ash iliyonyooka, ncha ya kati ya milimita 9 na 10, akae nayo. Hendry alishinda ubingwa wake wote kwa fimbo ya bei rahisi aliyokuwa nayo tangu utotoni.

Umeuliza njia kutoka huku kwetu. Ipo, ni nyembamba. Shirikisho la Afrika huandaa ubingwa wa bara, na mshindi wake amewahi kupewa kadi ya miaka miwili. Wachezaji wa Misri na wa Morocco wameingia mzunguko kwa mlango huo. Waliokuwa wakifika huko wengi waliona tofauti ya kiwango mara moja, na baadhi walimaliza miaka yao miwili wakiwa na ushindi wa kuhesabika kwa vidole. Sisemi hili kuwashusha. Walikuwa wakitoka kwenye nchi zenye mashindano machache na kukutana na watu wanaocheza mechi ngumu kila wiki. Zamani Afrika Kusini ilitoa wachezaji wa kweli: Perrie Mans alicheza fainali ya dunia 1978 na kushinda Masters 1979, na Silvino Francisco alishinda British Open 1985. Bara letu halikosi mikono. Linakosa meza na mechi.

Angalia China walivyofanya. Ding Junhui alianza utotoni, baba yake akahama naye hadi Dongguan ili apate mazoezi, na mwaka 2005, siku chache baada ya kutimiza miaka 18, akamfunga Hendry katika fainali ya China Open mjini Beijing mbele ya watu wake. Baada ya hapo watoto wakamiminika kwenye kumbi, shule za snuka zikafunguliwa, na walioiva wakapelekwa Sheffield kuishi na kufanya mazoezi pamoja. Matunda yake yalikuja 2025: Zhao Xintong akawa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Asia, na alianzia kwenye mchujo kama mchezaji wa ridhaa asiye na kadi, akashinda mechi nne kabla hata ya kuingia Crucible. Ni miaka 20 kutoka Ding hadi Zhao. Mwanao hana mfumo huo nyuma yake, kwa hiyo asijipime kwa kasi yao.

Kwa vitendo, aanze na mashindano ya taifa. Ajiandikishe kupitia klabu, acheze kila shindano linalopatikana Nairobi na Mombasa, na akifanya vizuri aombe nafasi ya kwenda ubingwa wa Afrika na ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 21. Huko ndiko atakakokutana na rika lake kutoka Thailand, India, Poland na China, na baada ya mechi tatu atajua mwenyewe alipo bila mimi wala baba yake kumwambia. Q School pia imekuwa ikichezwa Bangkok kwa wachezaji wa Asia na kanda za huko, mbali na ile ya Uingereza. Ila asiende Q School kama safari ya kujaribu bahati. Aende akiwa ameshafika robo fainali au zaidi katika mashindano ya bara.

Na viza msiiache mwisho. Anayetaka kukaa Uingereza kama mwanamichezo anahitaji kuidhinishwa na chombo kinachosimamia mchezo, na idhini hiyo inaangalia rekodi yake ya ushindi. Mtu atakayekuja kukuambia ana "meneja" Uingereza, mpeni fedha awapatie kadi au viza, mfukuzeni. Kadi haipatikani kwa wakala.

Jambo la kamari nataka alisikie kutoka kwako kwa ukali, kwa sababu kwetu vijana wanabeti kama wanavyokunywa chai. Mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kuweka hata shilingi moja kwenye mechi yoyote ya snuka, yake au ya mwenzake. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa katika kesi ya kupanga matokeo. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Zhao Xintong hakupanga matokeo ya mechi yake, lakini alibeti na akahusika na mechi za mwingine, akafungiwa miezi 20. Alirudi, akawa bingwa. Wengi hawatarudi. Na wanaofuatwa na wapanga matokeo mara nyingi ni wale wa chini, wenye deni la hoteli na kodi ya chumba, wanaoahidiwa fedha nyingi kwa kupoteza mechi ambayo hata hivyo walitarajiwa kuipoteza. Kijana aliyeondoka nyumbani bila akiba ndiye windo lao. Hiyo ni sababu nyingine ya kutomruhusu aondoke mikono mitupu.

Kama una binti anayependa meza pia, ajue kwamba tangu 2021 kuna kadi zilizotengwa kwa wachezaji bora wa mzunguko wa wanawake. Mink Nutcharut wa Thailand na Bai Yulu wa China wameingia kwa njia hiyo. Na kazi za snuka si kucheza tu. Jan Verhaas wa Uholanzi na Desislava Bozhilova wa Bulgaria wamejenga majina kama waamuzi, na wote wanatoka nchi ambazo hazikuwa na mabingwa wa mchezo huu.

Hivi ndivyo ningefanya kama angekuwa mpwa wangu. Afanye mtihani wake wa kidato cha nne, na hadi siku ya mwisho ya mtihani aende klabuni mwisho wa wiki tu. Baada ya hapo apewe mwaka mmoja ulioandikwa. Katika mwaka huo asome kozi fupi au afanye kazi ya nusu siku, na nusu ya pili iwe ya meza, saa nne au tano, daftari la lile zoezi la nyekundu 15 likiwa wazi. Acheze mashindano yote ya nchi. Tafuteni pasipoti sasa hivi, kwa sababu nafasi za vijana hutokea ghafla na hupotea kwa kukosa pasipoti. Mwisho wa mwaka keti wewe, baba yake, mjomba na kijana mwenyewe, mfungue daftari. Kama amefika fainali ya taifa na zoezi linasoma vizuri, tafuteni wadhamini wa kumpeleka ubingwa wa Afrika, kwa bajeti iliyoandikwa na bila kuuza kiwanja. Kama hajafika, aendelee na chuo na aendelee kucheza. Mlango wa Q School haujafungwa kwa mtu wa miaka 25 wala 30.

Baba yake mwalike klabuni jioni moja akae kwenye kiti pembeni amwangalie mwanawe akicheza fremu kamili, bila kusema neno. Na nitumieni kurasa za kwanza za daftari zikishajaa, zile mbaya zikiwemo. Nitazisoma na kuwaambia ninachokiona.